Kiyama cha Tarehe ya Kuazima

Wewe uliye Landless hapa Thika unayepuliza jiko, wewe uliye ndani ya matatu kwenye foleni ya Ruiru, na wewe fundi ambaye redio yako haizimwi mpaka mlango wa duka ufungwe, karibuni nyote. Leo tunatazama juu. Tunazungumzia jua, mwezi na sayari, na wale wanaotuambia kwamba vitu hivyo vikijipanga namna fulani, basi dunia imekwisha.

Mnaikumbuka Julai 2025? Simu zetu zilijaa ujumbe kwamba tarehe 2 Agosti dunia nzima ingeingia gizani kwa dakika sita. Video zilikuwa na muziki wa kutisha, jua jeusi, na jina la NASA. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki hapa Landless, karibu na steji, aliniita akaniuliza, "Kaka, haya maneno ya giza ni ya ukweli? Ninunue mishumaa?" Nikamwambia, mishumaa nunua tu, mama, maana stima hapa hupotea bila kungoja jua. Akacheka, lakini nilimwona bado ana wasiwasi. Na sikumlaumu. Mtu ana watoto, ana mkopo wa chama, halafu anaambiwa Jumamosi dunia itazimwa. Nani asingeuliza?

Jumamosi yenyewe ikafika. Kulikucha, watu wakashinda kazini, kukachwa. Hakuna aliyesambaza ujumbe ule aliyerudi kusema samahani.

Sasa tujiulize, uvumi ule ulitoka wapi? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ukielewa huu mmoja utaelewa karibu yote.

Tarehe 2 Agosti haikutolewa hewani. Jua litapatwa kweli tarehe hiyo, ila ni ya mwaka 2027. Siku hiyo kivuli cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, kiingie Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, kivuke Saudi Arabia na Yemen, kifike Somalia. Karibu na mji wa Luxor kule Misri giza litadumu zaidi ya dakika sita. Kwa hiyo zile dakika sita ni za kweli, na tarehe 2 Agosti ni ya kweli. Alichofanya mwenye uvumi ni kuivuta tarehe nyuma miaka miwili, kisha akachukua ukanda wa kivuli usiofika hata kilomita 300 kwa upana, akaufanya dunia nzima.

Mmeona ujanja wake? Tarehe ni ya kweli, tishio limebandikwa.

Na si huo peke yake. Kuna uvumi mwingine ambao umefungwa kwenye tarehe 12 Agosti 2026, eti dunia itapoteza mvutano wake kwa sekunde saba, watu na magari yapae kisha yaanguke. Ukitafuta ni kwa nini ilichaguliwa siku hiyo, utakuta kalenda ya wanafalaki ina kupatwa kwa jua siku hiyo hiyo, kunakoonekana Greenland, Iceland na Hispania. Tena tarehe ya kweli, tena tishio la kubandikwa. Mvutano wa dunia unatokana na vitu vyote vinavyoiunda dunia, mawe, chuma, maji, kila kitu. Ili mvutano upotee kwa sekunde saba, ingebidi mawe yote na bahari zote zitoweke kwa sekunde saba. Zingekwenda wapi?

Wasikilizaji, wanafalaki wanaweza kukuambia leo kwamba mwezi utapatwa mwaka fulani, saa fulani, dakika fulani, na ikawa hivyo. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 walisema mwezi ungeanza kufunikwa kabisa saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, ubaki hivyo hadi karibu saa nne. Ikawa hivyo. Kazi hiyo imejengwa na watu kwa karne nyingi, na ndiyo maana tunaiamini. Sasa anakuja mtu ambaye hajapiga hesabu yoyote, anaazima tarehe ile ya wenzake, anaitundikia kiyama. Wewe ukienda kuhakikisha, unakuta kweli siku hiyo kuna jambo angani. Unasema, ah, kumbe! Na hapo ndipo unaponaswa.

Tuje kwenye sayari kujipanga, maana hiyo ndiyo inayopendwa zaidi. Februari 2025 tuliambiwa kuna gwaride la sayari. Kuelekea tarehe 28 sayari zote saba tunazoweza kuzitafuta kutoka hapa duniani zilikuwa angani jioni moja: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na zile mbili zinazohitaji darubini, Uranus na Neptune. Zuhura iliwaka upande wa machweo hata mtoto angeweza kukuonyesha kwa kidole. Wako waliosema ni dalili ya mwisho wa dunia.

Ngoja nikuulize. Usiku ukisimama kando ya barabara ya Garissa ukatazama magari yanayokuja kutoka upande wa Matuu, unaona nini? Unaona taa zimepangana mstari mmoja, kama zimefungwa kamba. Lakini gari moja liko hapo karibu na lingine liko kilomita mbili nyuma yake. Taa hazikukubaliana kupanga mstari. Barabara ni moja, na wewe umesimama mahali ambapo mstari unaonekana. Sayari ni hivyo hivyo. Zote zinalizunguka jua karibu katika bapa moja, kwa hiyo wakati wowote ukiona sayari tatu, nne au saba, utaziona zimefuata mstari mmoja angani. Haziwezi kufanya vingine! Zuhura ikiwa karibu nasi kabisa, bado iko umbali wa makumi ya mamilioni ya kilomita. Zohali hupita kilomita bilioni moja.

Na je, zikijipanga hazituvuti? Zinatuvuta. Sitakudanganya kwamba hazivuti kabisa. Lakini nguvu ya kuvuta maji ya bahari hupungua haraka mno kadiri umbali unavyoongezeka. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inabaki sehemu moja ya nane. Ndiyo maana Zuhura, hata ikitukaribia kabisa, haifikishi sehemu moja kati ya elfu kumi ya nguvu ya mwezi wetu huu mdogo. Mirihi, Mshtarii na Zohali ziko chini zaidi ya hapo. Ukizijumlisha zote hupati kitu cha kutikisa sufuria, sembuse bara.

Halafu kuna jambo ambalo watisha-watu hawalitaji kamwe. Magimba ya angani yenye nguvu ya kweli juu ya dunia ni mawili, jua na mwezi, na hayo hujipanga na dunia kila baada ya wiki mbili hivi. Nenda Vanga, Mombasa au Lamu, umwulize mvuvi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa pamoja, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Wanaita bamvua. Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua hupita meta tatu. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Mvuvi hapigi magoti kwa hofu bamvua ikifika. Anajua saa ya kutoa ngalawa, na wanaotafuta pweza wanajua mwamba utakuwa wazi saa ngapi.

Kwa hiyo mpangilio mkubwa kuliko wote, wenye nguvu kuliko wote, tunao mara mbili kwa mwezi, na unatuletea pweza. Huu mwingine unaouzwa kwenye simu ni mdogo mara maelfu. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: mpangilio wenye nguvu ni ule wa jua na mwezi, na wazee wa pwani wameuzoea tangu enzi na enzi.

Tuangalie nyuma kidogo, maana kiyama hiki kimeshatangazwa mara nyingi. Februari 1962 jua, mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho zilikusanyika sehemu moja ya anga, na kule India watu wengi wakakesha kwa dua na sala kuuzuia mwisho wa dunia. Haukuja. Mwaka uliofuata Kenya ikapandisha bendera yake. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, walitoa kitabu kilichosema kwamba mwaka 1982 sayari zingejipanga na kuchochea tetemeko kubwa huko California. Ndiyo, wanasayansi! Shahada haimzuii mtu kukosea, na wanasayansi wenzao ndio waliowapinga wa kwanza. Machi 10, 1982 ikapita kimya. Kenya tulipata msukosuko wetu mwaka huo, lile jaribio la mapinduzi la Agosti mosi, lakini ule ulitoka kambi za wanahewa. Mshtarii haikuhusika.

Mei 5, 2000 ikawa zamu nyingine. Sayari zilijipanga upande wa pili wa jua, na kitabu kimoja cha Marekani kilikuwa kimetabiri barafu ya kuifunika dunia. Desemba 21, 2012 ikawa kalenda ya Wamaya na sayari ya kubuni iitwayo Nibiru. Sisi wakati huo tulikuwa tukiwaza uchaguzi wa Machi 2013.

Na tarehe ikipita, nini hufuata? Inasogezwa. Mwaka 2006 kundi la House of Yahweh, ambalo kiongozi wake Yisrayl Hawkins aliishi Texas, lilitangaza kwamba vita vya nyuklia vingeanza Septemba 12. Hapa Kenya wafuasi wake walijichimbia mahandaki. Vita havikuanza. Baadaye ikatajwa Juni 12, 2008. Mwenye kutabiri anapata tarehe nyingine. Aliyechimba handaki anabaki na shimo.

Hilo la shimo lisituchekeshe sana, wasikilizaji, kwa sababu kuna mahali ambapo halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi lililoitwa Harakati za Kurejesha Amri Kumi za Mungu walisema dunia ingekwisha Desemba 31, 1999. Watu waliuza mali zao. Mwaka 2000 ulipoingia na jua likachomoza kama kawaida, wengine wakaanza kudai walichotoa. Machi 17, 2000 kanisa lao liliteketea kwa moto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, mamia ya watu wakiwa ndani, na baadaye yakapatikana makaburi mengine. Wiki saba baadaye ndipo sayari zilipojipanga ile Mei 5, na hazikumdhuru hata kuku. Na sisi wenyewe tuna Shakahola, kule Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba mwisho umekaribia na kwamba wafunge mpaka wafe. Anga haikuwagusa hao. Waliuawa na neno la mtu.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Ah, ni video tu, haidhuru," mkumbushe Kanungu. Mtu wa Landless anaijua bei ya ploti. Anajua ni miaka mingapi ya kuweka akiba kwenye chama. Siku atakapoambiwa auze, alete pesa madhabahuni kwa sababu mwezi umekuwa mwekundu, ajue ya kwamba mwezi huwa mwekundu ukipatwa kwa sababu mwanga pekee unaoufikia ni ule uliopita kwenye kingo za hewa ya dunia yetu, na hewa huuchuja ukabaki rangi ile ile ya machweo. Mwaka 2014 na 2015 mhubiri wa Marekani, John Hagee, aliuza vitabu vingi kuhusu miezi minne ya damu, yaani mwezi kupatwa mara nne. Wa nne ulionekana huku kwetu alfajiri ya Septemba 28, 2015. Asubuhi hiyo watu walipanda matatu kwenda kazini.

Hapa najua kuna msikilizaji anasema, huyu anapinga dini. La, ndugu yangu. Mkristo anaisoma Mathayo sura ya 24, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Basi mwenye kutaja tarehe anabishana na nani? Na Waislamu wanaokumbuka habari ya Ibrahim, mwana wa Mtume, wanajua kwamba siku aliyofariki mtoto huyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume akawakataza, akafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote wala kwa uhai wake. Fikirini: baba amefiwa, watu wanamletea heshima ya mbingu nzima, naye anaikataa kwa sababu si kweli. Sijui mfano mkubwa kuliko huo.

Swali la mwisho, na ni swali zuri: je, hakuna kitu kinachoweza kutoka juu kikatupiga? Kipo. Tena sisi watu wa Thika ndio tusioweza kukana. Jumamosi ya Julai 16, 2011, mawe kutoka anga za mbali yalianguka pande hizi zetu mchana kweupe. Yaliokotwa, yakapimwa, yakaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya vimondo kwa jina la Thika. Ndiyo, kuna kimondo kinaitwa Thika! Wanasayansi walikuta ni aina ya kawaida ya mawe ya angani. Hakukuwa na sayari zilizopangana, wala nabii aliyekuwa amekitaja.

Na Desemba 30, 2024, kijiji cha Mukuku, Makueni, kiliangukiwa na pete ya chuma yenye upana wa meta mbili na nusu hivi na uzito wa takriban kilo 500. Watu walishtuka, nani asishtuke? Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika, likaichukua, na siku chache tu baadaye likasema kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Takataka za wanadamu.

Na hatari kubwa ikitokea, itatangazwaje? Tuliona mfano. Mwishoni mwa 2024 darubini iliyoko Chile iligundua jiwe la angani lililopewa jina 2024 YR4. Februari 2025 wanasayansi walisema hadharani kuna uwezekano wa kama asilimia tatu kwamba lingeigonga dunia Desemba 22, 2032. Hawakuomba sadaka. Waliendelea kulitazama, wakapata vipimo bora, na kabla mwezi haujaisha wakatangaza kwamba uwezekano umeshuka karibu na sufuri. Walitaja kiasi cha shaka yao, wakaonyesha hesabu, wakarekebisha mbele ya watu wote. Ukipata ujumbe wa kiyama kwenye simu, angalia kama una hata moja kati ya hayo.

Tena anga ni ya kutazamwa kwa macho yako mwenyewe. Hapa nchini yupo Susan Murabana, ambaye kwa miaka mingi amezunguka na darubini akiwaonyesha watoto wa shule pete za Zohali. Walimu mnaonisikiliza, mwalikeni yeye au wengine wa kazi hiyo. Mtoto aliyeiona Zohali kwa jicho lake hatatishwa nayo kirahisi.

Basi tuagane kwa jambo la kufanya. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mchana, huku kwetu sehemu tu ya jua itafunikwa. Hakutakuwa na giza. Hatari iliyopo siku hiyo ni moja, nayo ni macho. Usilitazame jua kwa miwani ya kawaida ya jua, wala kwa filamu ya eksirei, wala kwenye beseni la maji kama tulivyofundishwa utotoni. Tafuta miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, au toboa tundu dogo kwenye kadibodi, lipe jua mgongo, uangalie picha yake ikianguka kwenye karatasi. Waambie watoto mapema, na walimu mpange mapema.